Kerezo Lililofika Voi Bila Gurudumu

Kutoka kwa Miraj bin Alwi, seremala,
nyuma ya stesheni, Voi.
Tarehe 12 Machi, mwaka 1924.

Kwa Bwana Gile, mtengenezaji wa mashine, pamoja na wanawe, huko Ulaya.

Bwana Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima, nikiomba barua hii ikukute umekaa, maana ni ndefu, na mwenye kuisoma amesimama atachoka kabla hajafika kwenye makosa yake.

Uniwie radhi kama jina lako nimelikosea. Kwenye mguu wa mashine yako kutu imekula herufi zote isipokuwa tatu, G, L na E, na chini yake yapo maneno ambayo Mwalimu Reuben wa vilimani alinisomea, akasema maana yake ni "na wanawe". Basi sisi hapa Voi tunakuita Bwana Gile. Ikiwa jina lako ni refu kuliko hapo, hicho nacho ni kipande kilichopotea, lakini hicho sikudai.

Mashine yenyewe ni kerezo la kukanyaga kwa mguu, lile ambalo mti hushikwa ncha mbili ukazungushwa mbio, na fundi akiugusa kwa patasi hutoka mviringo, wenye mabega na viuno, kama mguu wa kitanda cha watu wenye heshima zao. Lilikuja na jeshi wakati wa vita vya Wajerumani. Vita vilipokwisha likaachwa bandani kando ya reli ya Taveta, na mwaka 1919 likanadiwa pamoja na sufuria zilizotoboka na nyumbu mmoja kipofu. Watu waligombania nyumbu. Mimi nikachukua kerezo. Nyumbu alikufa mwaka uleule, kwa hiyo nilijiona mwenye akili, na nikaendelea kujiona hivyo kwa muda.

Nisingekusumbua, Bwana, kama jambo lingekuwa la mbao tu. Nina binti mmoja, Mwanamina, naye ameposwa na kijana wa Mombasa, mpole, mwenye kazi yake bandarini. Siku ya posa, mbele ya watu wa Mombasa na watu wa Voi, nilisimama, Mungu anisamehe, nikasema: "Mwanangu hatalalia kitanda cha dukani. Nitamkerezea kitanda mimi mwenyewe, kwa mashine ya Ulaya." Hayo maneno "mashine ya Ulaya" niliyasema mara mbili. Ami yake bwana arusi, Mzee Rashid, ni mtu wa kulisikia kila neno na kulishika. Alinijibu: "Inshallah tutakuja kukiona."

Tangu siku ile harusi imeahirishwa mara mbili kwa ajili ya kitanda hicho. Sasa mwezi wa Shaabani umekwisha kuandama. Mzee Rashid amekwisha sema kwamba kitanda kisipokuwa tayari tarehe ishirini ya Shaabani, basi mambo yasogezwe mpaka baada ya Ramadhani, na aliposema "baada" hakusema baada ya siku ngapi. Mwanangu ameshona foronya kumi na nne. Kitanda hakina miguu.

Kwa hiyo nakuletea malalamiko yangu kwa hesabu, ili usiseme hukuelewa.

La kwanza ni gurudumu. Kerezo lako linataka gurudumu kubwa la chuma chini, ili fundi akikanyaga, uzito wake uendeleze mwendo. Langu lilifika bila. Niliulizia kwa miaka mitatu. Mwaka juzi mwenzangu wa kazi, Mwandawiro, ambaye ni Mdawida na hakuna kijia cha vilimani asichokijua, akaniambia ameliona Mwatate, nyumbani kwa mjane mmoja aitwaye Loise. Tukapanda gari la Taveta, tukashuka Mwatate, tukapita kwa miguu katikati ya mikonge mpaka kwake.

Gurudumu lilikuwapo, Bwana. Lilikuwa limelala juu ya mdomo wa kisima, limekaa sawasawa kama kifuniko cha chungu, na ndoo ndogo ilipita katikati ya njiti zake bila kugusa. Mama Loise alitupokea kwa uji. Nilipomweleza haja yangu hakugomba wala hakubisha. Alisema: "Chukueni, ndugu zangu. Chuma ni chenu. Lakini kabla hamjakiondoa nionyesheni mtakachoweka hapo. Mwanangu wa mwisho alitumbukia humu, kabla sijaliokota hilo dude kando ya reli. Nilimtoa kwa kamba, na mpaka leo akisikia maji yakimwagika hushika nguo yangu."

Nilichungulia kisimani. Ni kirefu. Mwandawiro naye akachungulia. Tukatazamana, kisha tukamsaidia mama yule kulifunga gurudumu kwa waya ili lisisogee, tukarudi Voi na maboga mawili.

Sasa nakuuliza kwa adabu: ni nani aliyekutuma ulitengeneze gurudumu la kerezo kwa kipimo cha kisima cha Mwatate? Ungalilipunguza shubiri moja tu, lingalitumbukia, na mjane yule angalitafuta kitu kingine. Wewe ukalifanya likae. Nami nikalazimika kufunga gurudumu la mkokoteni wa ng'ombe, la mti, ambalo upande mmoja ni zito kuliko wa pili. Kerezo sasa huenda kama mtu anayechechemea: mbio, pole, mbio, pole. Mti uliochongwa kwa mwendo huo hutoka na kiuno mahali pa bega.

La pili ni mkanda, ule wa ngozi unaopeleka mwendo kutoka gurudumu la chini hadi juu. Huu ulikuwapo siku ya mnada. Niliushika kwa mikono yangu, laini, umepakwa mafuta yenye harufu nzuri, hata mimi mwenyewe nilinusa mara ya pili. Siku ya tatu kulipokucha haukuwapo. Palikuwa na nyayo za fisi, na kipande cha mkanda kisichozidi urefu wa kidole, ambacho nadhani alikibakiza kwa kushiba.

Bwana, katika nchi yenye fisi mkanda haupakwi kitu kitamu. Anayetengeneza mashine huuliza kwanza majirani wa mashine watakuwa akina nani. Mwandawiro alinikatia mkanda mwingine wa ngozi ya nyati. Ni imara, lakini una tabia zake. Mvua ikinyesha hulegea, jua likiwaka hujikaza ukalia kama zumari. Mwezi uliopita, siku ya jua kali, Mzee Rashid alishuka kwenye gari la mchana na kuja moja kwa moja karakana, amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia mpya ya mkono ambayo, naambiwa, mkewe aliidarizi kwa miezi mitano. Nikataka aone kazi. Nikakanyaga. Mkanda ukatoka, ukapita juu ya bega langu, ukamvua mzee kofia, ukaitia kwenye sufuria ya gundi iliyokuwa motoni.

Hakuumia hata unywele mmoja. Aliitazama kofia inavyozama, kisha akasema: "Miraj, kitanda hiki ni cha harusi au cha vita?"

Nikamwambia: "Ni mashine ya Ulaya, mzee wangu."

Akasema: "Naona."

Siku hiyohiyo ndiyo aliyoitaja tarehe ishirini.

La tatu ni kiegemeo, yaani kile kipande cha chuma ambacho fundi huegemeza patasi yake isitetemeke. Hiki nacho kilipatikana, na kupatikana kwake kumeniumiza kuliko kupotea. Kipo juu vilimani, upande wa Bura, kwenye kanisa dogo la udongo ambalo Mwalimu Reuben niliyemtaja ndiye mfundishaji wake. Kimetungikwa kwa mnyororo mlangoni, na mwalimu hukigonga kwa nyundo kuwaita watu sala na watoto darasani.

Nilipanda na Mwandawiro nikiwa nimekaza uso. Njia nzima nilijifunza maneno ya kudai mali yangu. Tulipofika mwalimu alikuwa ndio kwanza anainua nyundo. Akagonga. Bwana, sauti ile ilishuka bondeni, ikapanda kilima cha pili, ikarudi. Wanawake mashambani wakaweka majembe chini. Mimi ni Muislamu, na baba wa babu yangu ni Muislamu, lakini nakwambia kweli nilisahau kilichonipandisha kule.

Mwalimu Reuben ni mtu mwema. Alisema: "Fundi, nitakupa, si changu. Nipatie tu kingine kitakachosikika ng'ambo ya bonde, maana nusu ya watu wangu wanakaa kule."

Jumapili iliyofuata nikapanda tena na vyuma vitatu: kikaango, jembe lisilo mpini, na kiatu cha yule nyumbu marehemu. Tukavigonga kimoja kimoja mbele ya watu wote. Kikaango kilichekesha watoto. Jembe lilifika mpaka kwa mbuzi wa mwalimu, likaishia hapo. Kiatu cha nyumbu sisemi. Tukakubaliana kiegemeo kibaki, na Mwalimu Reuben, kwa kuona haya, akajitolea kukufasiria barua hii kwa Kiingereza na kutafuta mahali pa kuipeleka.

Je, Bwana, chuma cha kuegemeza patasi kina haja gani ya sauti? Ungalitumia chuma bubu, kama wafanyavyo mafundi wengine wote, leo kingekuwa kwangu, na mke wangu angekuwa anasema nami. Kwa maana niliporudi sikuwa na cha kuegemeza patasi, nikazungusha macho nyumbani, nikaiona mbuzi ya kukunia nazi. Kimo chake kilikuwa kilekile. Nikaing'oa ulimi, nikaipigilia kwenye kerezo, na ikafaa, ikafaa sana. Hiyo ilikuwa mwezi wa Rajabu. Tangu Rajabu nyumba yangu haijapika wali wa nazi. Nazi zetu hutoka pwani kwa gari-moshi, nazo zimepangwa ukutani zinanitazama. Mke wangu, Mwanarusi, hakupiga kelele. Alisema neno moja tu: "Mbuzi yangu imekuwa kerezo. Basi kerezo nalo lipike." Na mchana ule kweli hakuwasha moto.

La nne ni ncha. Mti wa kukerezwa hushikwa huku na huku. Upande wa kushoto kerezo lako lina ncha, na upande wa kulia pana tundu tupu. Hiyo ncha sikuipata, wala sijui imekuwa nini mahali gani, na siulizi tena kwa kuogopa kuambiwa. Badala yake nimemweka Mwandawiro. Anakaa upande wa kulia, ameshika gogo lenye msumari, msumari umeingia kwenye mti, naye ameegemeza gogo kifuani na kujikaza miguu ukutani. Amekuwa hivyo tangu katikati ya Februari. Hawezi kukohoa. Hasemi neno, kwa sababu akisema hutikisika, na akitikisika mguu wa kitanda hutoka na donge.

Lakini Mwandawiro ana shamba, na shamba hilo liko kwenye mteremko, na masika yako njiani. Wiki iliyopita mkewe, Dinah, alishuka kutoka vilimani kwa miguu na kusimama mlangoni mwa karakana. Alimtazama mumewe, akanitazama mimi. Akasema: "Baba Mwanamina, nimekuja kumchukua mume wangu. Kama mmeshamfunga kwa parafujo nipe bisibisi, nitamfungua mwenyewe."

Nikamweleza habari ya kitanda. Akasema amesikia, na ana huruma na mtoto, lakini mahindi yake hayatapandwa na kitanda. Nikamwomba siku kumi. Akatoa tano, akakaa chini kibarazani pangu kuzihesabu. Bado amekaa. Anamsaidia Mwanarusi kuchambua mchicha, na wawili hao wamepatana mno, wanazungumza kwa sauti ya chini, na nikipita wananyamaza.

La tano ni kazi yenyewe. Hivi nikuandikiapo miguu minne imekwisha kutoka. Wa kwanza umekuwa mnene kama mchi. Wa pili una shingo. Wa tatu ni mzuri mpaka katikati, pale mkanda ulipolegea. Wa nne sitaueleza, maana barua hii itapita mikononi mwa mwalimu. Jana tulikiunga kitanda ili tukione. Kilisimama, lakini kiliinamia mlangoni kama kitu kinachotafuta njia ya kutoka. Mwanamina aliingia, akakikalia, kikamtelezesha polepole mpaka sakafuni. Alicheka, Bwana. Alicheka mpaka akashika mbavu, na Dinah akacheka, na Mwandawiro naye akacheka kwa kuwa hakuwa ameshika mti.

Kisha mwanangu akafuta macho akasema: "Baba, tutatandika mkeka chini. Wangapi wameolewa juu ya mkeka?"

Nikamjibu kwamba neno nililolisema mbele ya watu wa Mombasa siwezi kulimeza. Akaacha kucheka. Aliinuka, akajipangusa vumbi la mbao, akaenda kushona foronya ya kumi na tano. Hapo ndipo nilipochukua kalamu.

La sita, na ndilo la mwisho, ni madai yangu. Nimeyafikiri kwa uadilifu, bila hasira, na naamini wewe ukiyasoma utayaona ni machache.

Nataka gurudumu, mkanda, kiegemeo na ncha. Gurudumu liwe la kipimo kisichofaa kitu kingine chochote duniani. Mkanda uonjwe kwanza; mpeni mbwa wenu wa huko, akiukataa ndio mniletee. Kiegemeo kiwe cha chuma bubu. Ncha iwe na nduguye wa akiba.

Na kwa kuwa wewe ndiwe uliyeyaleta haya, nataka pia mbuzi ya kukunia nazi kwa mke wangu, yenye meno makali. Kofia ya mkono kwa Mzee Rashid, iliyodariziwa kwa muda usiopungua miezi mitano. Na ikiwa vipande vitachelewa kupita masika, basi mmoja wa wanao aje apande mahindi ya Dinah, maana yeye haoni kwa nini familia moja itengeneze mashine na nyingine ikose mavuno. Asiwe yule wa kwanza, ambaye bila shaka ana shughuli. Yeyote mwenye mgongo mzuri atafaa. Atakaa kwangu, na kula tutakula pamoja, ingawa bila nazi.

Zaidi ya yote, Bwana Gile, nataka barua. Uiandike kwa mkono wako, uielekeze kwa Mzee Rashid wa Mombasa, na ndani yake useme wazi kuwa Miraj bin Alwi ni fundi, alikuwa fundi kabla mashine yako haijamfikia, na kwamba kosa la miguu hii ni lako na wanao. Vipande vingine vikipotea baharini nitavumilia. Barua hiyo isipotee.

Nisalimie wanao mmoja mmoja kwa majina yao, ambayo siyajui. Nisalimie mama yao, na mafundi wa karakana yako wote, hasa aliyefanya kile kikanyagio, kwa kuwa hicho hakijawahi kunisumbua. Mwandawiro anakusalimu, ingawa hawezi kuinua mkono. Mwalimu Reuben, Mama Loise na mwanawe wanakusalimu. Dinah amesema nisimtie kwenye salamu.

Wako ninayengoja huku nimeweka mguu mmoja kwenye kikanyagio,

Miraj bin Alwi,
Seremala wa Voi.

Nyongeza, tarehe 30 Machi.

Bwana, barua hii haijaondoka. Mwalimu Reuben aliichukua kuifasiri, akafika kwenye ile mbuzi, akakwama. Alisema kwa Kiingereza itaonekana kana kwamba nimempigilia mnyama kwenye mashine, na huko kwenu watu hufungwa kwa jambo kama hilo. Akanirudishia kwa mkono wa msafiri mmoja wa Taveta niitengeneze. Nami katika kungoja, mambo yamebadilika, na sina budi kukuarifu.

Kesho yake baada ya kuandika, mvua ilinyesha. Ngozi ya nyati ikalegea mpaka ningeweza kujifunga kiunoni mara tatu. Mwandawiro akauangalia mkanda, akaangalia mvua, akaweka gogo lake chini, akanyoosha mgongo kwa mara ya kwanza tangu Februari. Alinishika mkono akasema: "Samahani, rafiki yangu. Ardhi imelowa." Akaondoka na mkewe, wamejifunika gunia moja.

Nikabaki peke yangu karakana na vipande vinne vya mvule ambavyo havijaguswa. Nilikaa kitako kwa muda. Kisha nikachukua tezo. Sikuwa nimeamua kitu, Bwana; mkono ulikuwa hauna kazi. Nikachonga kwa tezo, nikachonga kwa patasi, nikapima kwa uzi na bikari, nikamalizia kwa kisu na msasa. Mguu wa kwanza ulinichukua siku mbili. Wa pili siku mbili. Nilikuwa nautazama mmoja nikiufuata kwa mwingine, nikifumba jicho la kushoto, kama alivyonifundisha marehemu baba kabla hatujajua kuwa mtu anaweza kukanyaga kitu kikazunguka. Tarehe kumi na nane ya Shaabani kitanda kilisimama, na hakikuinama popote.

Mzee Rashid alikuja na watu wake. Hakusema salamu ndefu. Alipitisha kiganja kwenye mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Akainama. Akachungulia uvunguni. Akasimama akawaambia wenzake: "Haya. Mashine ni mashine."

Nilifungua mdomo nimwambie kweli. Ukafunga wenyewe.

Harusi ilikuwa siku ya ishirini, na ilikuwa ya furaha, na wali ulikuwa wa nazi, maana mbuzi ilikuwa imerudi jikoni. Mzee alikula mara mbili. Tangu hapo wamekuja watu watatu kuniagiza vitanda, wote wakitaka miguu kama ile, na wote wakisisitiza iwe ya mashine. Mmoja wao aliniambia kwa upole kwamba kazi ya mkono siku hizi haiaminiki.

Kwa hiyo, Bwana Gile, nakuomba kwa kila unachokipenda: usilete kitu. Gurudumu usilete, wala mkanda, wala kiegemeo, wala ncha. Kama vimeshapakiwa melini kwa bahati mbaya, virudishe. Vikifika, watu watataka kuja kuona kerezo likifanya kazi, na kwa hilo kerezo siwezi kutoa mguu ambao ningeupa hata banda la kuku. Na ile barua kwa Mzee Rashid, kama umeianza, ichane. Hivi sasa tumepata utaratibu mzuri: mimi hufunga mlango wa karakana na kuchonga, na Mwanarusi hukaa ndani akikanyaga kerezo tupu, ili wapitao nje walisikie linavyonguruma. Anasema hajapata kazi nyepesi kama hii tangu aolewe. Hukanyaga huku anatafuna njugu.

Mwanamina ameondoka jana kwa gari la Mombasa. Kitanda tulikifungua, tukakifunga kwa mikeka, kikapakiwa kwenye behewa la nyuma. Mumewe alipokwenda kuangalia mizigo, Mwanamina aliniita dirishani. Nikadhani amesahau kitu. Akasema kwa sauti ya chini, ili watu wa Mombasa wasisikie: "Baba, mguu mmoja una alama ya kisu, upande wa ndani, chini ya bega. Nimeshaupanga uwe upande wangu wa kulala."

Nikamwambia sijui anasema nini.

Akacheka kule ndani ya buibui. Filimbi ikalia. Nilikuwa bado nimelishika dirisha, nikawa natembea nalo, hatua kwa hatua, huku naye akiniambia niachie, Baba, niachie utaanguka, mpaka sakafu ya stesheni ikaniishia.